Bomba la Mlangoni

Kila maktaba aliyoijenga Hajji mwenye malori ina bomba la maji nje ya mlango, na hii ya Wandegeya vilevile. Kila Ijumaa, akitoka msikitini, huvua saa, hunawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha humnyooshea mkutubi, Rukiah, viganja vyake vinene na kuvigeuza juu chini. Hangoji kushukuriwa, anangoja ruhusa. "Ni safi, Hajji," Rukiah humwambia, ndipo anapoingia na kupapasa migongo ya vitabu taratibu, mmoja mmoja.

Ijumaa iliyopita maji yalikatika. "Ingia tu, Hajji. Si nyumba ni yako?"

"Na hii vumbi?" Alicheka, lakini hakuvuka kizingiti. "Kule kambini nilikokulia, mwalimu alikuwa haruhusu mtoto wa mkono mchafu kuingia kwenye vitabu. Alikuwa anaishia dirishani."

Akaenda dirishani kweli, mikono mgongoni, akachungulia rafu alizozinunua mwenyewe. Rukiah akachukua kitabu, akakifungua mbele yake, akawa anamfunulia. Kila alipofika mwisho wa ukurasa, mzee alinong'ona kwa sauti ya kuomba: "Fungua ingine, mwalimu."