Bakuli Lenye Ukingo wa Buluu

Hapa mjini Asenovgrad, Bulgaria, bado wapo wanaosema wifi yangu Neviyana alikuwa bahili. Niliolewa katika ukoo huu nikiwa mwalimu kijana, nimemzika mume humu, na sitaliacha neno hilo ligande kwenye jina letu.

Alikuwa fundi cherehani kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa. Aliishi peke yake, ghorofa moja chini yangu. Kila mwaka ulipoanza alijiwekea lengo moja tu, tena dogo, la kupunguza uharibifu wake duniani. Alianza na mfuko wa kitambaa wa kwendea sokoni. Mwaka mwingine hakununua vazi lolote. Alifumua koti kuukuu la kaka yake akajishonea la kwake, na mjini akapendeza kuliko waliomcheka. Mimi mwenyewe nilimwambia kwamba mto wetu umejaa chupa za plastiki, na mfuko wake hautausafisha.

"Mto si wangu peke yangu, wifi," alinijibu. "Mfuko ni wangu. Nikijipangia kuokoa mto, Februari itanikuta nimeshaacha."

Baada ya kifo cha Lyuben, mume wangu na kaka yake wa pekee, lengo lake likawa Jumamosi ya Wafu. Siku hiyo tunagawa ngano ya kuchemsha yenye sukari makaburini, na siku hizi kila mtu huigawa katika vikombe vya plastiki. Jioni upepo huvitawanya juu ya majina ya watu. Neviyana alitaka kaburi la kaka yake lisiachiwe hata kimoja.

Tatizo ni kwamba kilichopelekwa kwa wafu hakirudi nyumbani. Huwezi kumpa mtu ngano ya marehemu halafu umdai bakuli. Kwa hiyo aliamua kugawa ngano pamoja na bakuli lake, kama alivyofanya marehemu mama mkwe. Majira yote ya baridi alikusanya mabakuli, akayachemsha kwa magadi hadi yakang'aa. Sikumuuliza aliyatoa wapi.

Siku ilipofika watu walipokea, wakasema "Mungu amsamehe," kama ilivyo desturi. Kisha Pavlina, jirani yetu wa ghorofa ya pili, akainua bakuli lake akalitazama chini.

"Neviyana, bakuli hili mimi nalijua."

"Mabakuli yanafanana, jirani."

"Lenye ukingo wa buluu na ufa kama unywele? Hili nililiacha kando ya pipa la taka wakati wa Krismasi."

"Basi limefufuka mapema," mtu akasema nyuma yetu. "Pasaka bado."

Wakacheka, makaburini.

"Uliliacha kando, hukulitupa ndani," Neviyana alisema taratibu. "Vya kando si huachwa ili mtu achukue?"

"Ndiyo, maskini achukue. Sikujua kumbe maskini wenyewe ni nyinyi."

Alisema nyinyi, huku akinitazama mimi.

"Pavlina," nikamwambia, "kama huna haja ya kumwombea mume wangu, mwaga ngano hapo chini. Usiirudishe."

Hakumwaga. Aliliweka bakuli ukingoni mwa kaburi, ngano haijaguswa, na wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakijifanya wana haraka. Watu ambao Lyuben aliwasomeshea watoto wao hisabati bila malipo.

Tulirudi nyumbani na mikoba iliyojaa ngano ya marehemu. Katika ukoo huu jambo hilo halikuwahi kutokea. Tulipofika darajani Neviyana aliweka mkoba wake chini.

"Lakini plastiki haipo, wifi," alisema. "Kwa kaka hakuna hata kikombe kimoja."

Hakuwa anatania. Ngano ile aliila yeye, siku baada ya siku, kwa sababu kutotupa chakula lilikuwa lengo la mwaka wa nyuma na hakutaka kulivunja. Tangu hapo Pavlina alikuwa akifunika pua akipishana naye ngazini.

Moyo ulimsimama kabla majira ya kupukutika majani hayajaisha. Kwenye arobaini yake nilifungua kabati nikatoa kaure za harusi yangu, zile ambazo hata wageni wa Lyuben kutoka chuo kikuu hawakuwahi kulia chakula. Nikaweka ngano ndani ya kila bakuli, nikagawa kwa mkono wangu. Desturi ileile, ngano ileile. Hakuna aliyekuwa na haraka. Walisema "Mungu amsamehe," wakala mpaka punje ya mwisho, wakafuta mabakuli kwa leso na kuyatia mikobani.

Pavlina aligeuza la kwake, akasoma muhuri wa kiwanda, akanisogelea.

"Mwalimu, samahani. Hili si lina sahani yake ya chini? Ipo?"

"Ipo," nikamwambia. "Nitakuwekea kando ya pipa."