Programu Isiyo na Ruhusa ya Kusikia

Juzi nilikuwa saiba moja, duka la intaneti, hapa Mombasa, natuma maombi ya kazi ambayo najua hayatajibiwa. Kando yangu alikaa bi mkubwa wa Kudha, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayo, mkimbizi tangu vita kama mimi, amepigiwa video na mwanawe aliye Ulaya. Uso wa kijana ukatokea.

"Mama, upo? Mbona sikuoni, sikusikii?"

Mama alijibu kwa sauti, lakini kioo kikaandika kwa Kiingereza, access denied: programu haina ruhusa ya kamera wala maikrofoni. Nikamfasiria. Akainua viganja vyote viwili mbele ya kioo.

"Waambie sisi Wabajuni, wachu wa samaki, wavuvi tu. Hatuna bunduki."

"Hapa si kwenye kizuizi cha barabarani, mama. Ni mashine tu."

Nikamweleza dada wa kaunta kwamba kompyuta imefunguliwa kwa akaunti ya mgeni, na programu haiwezi kupita ruhusa za aliyeifungua. Mwenye neno la siri la admin, yaani msimamizi, atamaliza kwa kubonyeza mara moja.

"Analo mwenye duka, walaal, ndugu yangu," akasema bila kugeuka. "Na simu hapokei."

Nikanyoosha mkono nikate simu. Mama akanishika kifundo.

"Mwache aite. Angalau mimi namsikia."

Kila mara mwanawe alipoita, alimjibu taratibu, "Nipo, mwanangu," mpaka kijana akachoka, akakata mwenyewe.

Kwenye njia ya Kismayo, tulipokimbia vita, tulinyimwa ruhusa ya kupita na wenye bunduki. Hapa tumenyimwa na mwenye duka asiyepokea simu, na digrii yangu ya kompyuta imekaa kitini, inatazama.