Jino la Honi

Katikati ya wimbo ule ambao watu huuomba kila wanapoiona bendi, kuna mahali ambapo siku hizi hapana kitu. Mwimbaji anamaliza ubeti wa pili, magitaa yananyamaza, besi inanyamaza, na mpiga dramu anabaki peke yake akigusa sahani kwa ncha ya kijiti, taratibu, kama mtu anayehesabu jambo asilotaka lifike mwisho. Mizunguko minane. Kisha wote wanaingia tena na wimbo unaendelea. Wasikilizaji wageni hudhani ndivyo ulivyotungwa, na wako wanaosifu: mnajua kutusubirisha nyie! Mpiga saksafoni, ambaye wenzake humwita Mrefu kwa sababu hakuna mlango asioinamia, hushusha chombo chake kwa mizunguko yote minane na kutazama mbao za jukwaa.

Hapo palikuwa pa Honi.

Honi alipiga tarumbeta katika bendi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mfupi, kifua kama pipa, mtu wa kupiga pasi mashati yake mwenyewe na kugombana na kila anayeyaning'iniza vibaya. Akicheka alichekea puani, kwa maana mdomo aliuona kuwa chombo cha kazi, si cha kuchezewa. Hakula kitu cha moto sana. Hakuvunja karanga kwa meno. Hakuwahi kupigana, hata alipotukaniwa mama, kwa kuogopa ngumi moja tu ya uso. Mrefu alikuwa amemwoa dada yake mdogo, na siku ya harusi Honi alipuliza mpaka bibi harusi mwenyewe akamwomba kwa mikono miwili anyamaze, walau watu wasikie viapo. Tangu siku hiyo wawili hao hawakuitana jina. Ilikuwa shemeji huku na shemeji kule, jukwaani, mezani, kwenye foleni ya choo.

Ziara ya mwisho ilikuwa ya miji kumi na moja. Mabango yalikwishabandikwa kote, na kiongozi wa bendi, mtu wa miwani na sauti ya chini, alikuwa na sheria moja ambayo hakuhitaji kuirudia: asiyepanda jukwaani leo, kesho atapanda mwingine. Hakuwa katili. Alikuwa ameongoza wanamuziki muda mrefu kiasi cha kutoamini tena kichwa kuuma.

Jino lilianza katika mji wa tatu. Walikuwa chumba kimoja kama kawaida yao, vitanda viwili na sinki lililomeguka ukingo, na Honi alikuwa mbele ya kioo, ameuvuta mdomo wa chini kwa kidole gumba.

"Shemeji, hebu njoo unimulikie."

Mrefu akamulika kwa simu. Jino la chini, la pili kutoka katikati, lilikuwa limegeuka rangi ya jivu, na ufizi chini yake umetuna kama punje ya maharage.

"Hili limekufa," Mrefu akasema. "Twende likang'olewe."

"Wewe tairi likipata pancha, unang'oa gurudumu?"

"Natoa msumari."

"Basi nitafutie msumari. Gurudumu usiniguse."

Walicheka, Honi puani, Mrefu kwa sauti. Lakini Mrefu alielewa. Mpiga tarumbeta huubana mdomo wake kati ya kile kikombe cha shaba na meno yake ya mbele. Mdomo ni nyama tu, na nyuma ya nyama pasipo ukuta, pumzi haina pa kuegemea. Honi alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo kwa macho yake. Mwalimu aliyemfundisha, mtu ambaye enzi zake kumbi zilikuwa zikinyamaza akiinua tu tarumbeta, aliteleza kwenye ngazi za bafu akapoteza meno mawili. Akawekewa ya bandia. Akajaribu mwaka mzima, akitoa sauti kama mvuke wa birika. Mwishowe bendi ileile ikampa kazi ya kubeba spika, na Honi alikuwa akimpisha njiani nyuma ya jukwaa bila kujua amwangalie wapi. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya jino lile. Si maumivu.

Katika mji wa nne Mrefu alimburuta mpaka kliniki. Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo mwenye mikono midogo na maneno machache. Akagonga jino kwa kijichuma, Honi akaruka.

"Linatoka leo, baba."

"Hakuna dawa?"

"Dawa ipo. Itatuliza, haitaponya. Usaha umeshaingia kwenye mfupa."

"Na nikilitoa, nitarudi kazini lini?"

"Hata kesho. Kazi gani?"

"Tarumbeta."

Daktari akavua barakoa, akamtazama kama ndiyo kwanza ameingia. "Hiyo sikudanganyi, sijui. Kidonda kipone, mfupa ukae, tukutengenezee la bandia. Weka nusu mwaka. Na sauti sikuahidi kwamba itakuwa ileile."

Honi akashuka kwenye kiti, kile kitambaa cha karatasi bado kikining'inia shingoni. Akasema atachukua vidonge, ziara ikiisha atarudi. Daktari akaandika vidonge. Alipomaliza hakumpa Honi karatasi, alimpa Mrefu.

"Wewe ni nani yake?"

"Shemeji yake."

"Sikiliza, shemeji yake. Uvimbe ukionekana hapa chini ya kidevu, au akianza kushindwa kumeza, msingoje kukuche. Unashuka shingoni, unaziba njia ya hewa. Umenisikia?"

"Nimesikia, daktari."

Alisikia. Hakuna siku Mrefu atakayoweza kusema hakusikia.

Vidonge vilituliza, kama ilivyosemwa. Honi akaanza kuweka kikombe cha tarumbeta upande wa kulia wa mdomo, na zile noti za juu ambazo alizoea kuzirusha kama mtu anayerusha kofia, sasa Mrefu ndiye aliyezipokea kwa saksafoni. Walikubaliana ishara: Honi akishusha tarumbeta kidogo tu, shemeji aingie. Walifanya hivyo mji wa tano, wa sita, na wa saba. Baada ya onyesho la mji wa saba kiongozi akamsimamisha Mrefu kwenye korido.

"Saksafoni yako imejifunza tarumbeta lini?"

"Tunabuni kidogo, Kiongozi."

"Ubunifu wenu uishie mazoezini." Akafuta miwani kwa ncha ya shati. "Yuko jamaa wa tarumbeta ameniandikia barua tatu. Ana mwenzake wa saksafoni, hawaachani, kama jozi ya soksi. Nimemwambia nafasi hakuna."

Akaenda zake. Hakukusudia ubaya; alikuwa akiwapa habari. Lakini Mrefu alibaki pale, kwa kuwa ndipo alipojua kwamba siku Honi atakapomwaga unga, na yeye kibarua chake kitaota nyasi. Umri wake ulikuwa hamsini na mbili. Hakuwa na kazi nyingine mikononi. Toka hapo, kila alipojiambia kwamba anamfichia siri shemeji yake kwa mapenzi, alijua sentensi hiyo ina mkia.

Siku mbili baadaye mkewe alipiga simu. Alikuwa ametoka kuongea na kaka yake.

"Kaka yangu ana nini? Anaongea kama ameficha kitu chini ya ulimi."

Mrefu alimtazama Honi, aliyekaa kitandani akipunga mikono yote miwili: usiseme, usiseme.

"Mafua," Mrefu akasema.

"Mafua gani ya wiki mbili?"

"Vumbi la njiani, mke wangu. Watu wote tunayo."

"Wewe naye kama unasema uongo vile. Haya, mchemshie maji ya moto. Na umwangalie, maana yule akiumwa hujitia hamnazo. Mtoto wa mama yangu yule ni mmoja tu."

"Ninamwangalia."

"Sawa. Mwambie nimemtukana."

Mrefu alipokata simu, Honi akasema, kwa ulimi mzito, "Asante, shemeji." Mrefu alikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Katika mji wa tisa onyesho lilikuwa la Jumamosi, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa michezo wenye paa la bati na mistari ya rangi sakafuni. Asubuhi hiyo Honi aliamka akiwa na kidevu cha pili. Ngozi chini ya taya ilikuwa ngumu, nyekundu, inang'aa. Alikunywa chai kwa kijiko, na kila akimeza alifumba macho.

"Basi," Mrefu akasema. "Twende hospitali sasa hivi."

"Kesho."

"Daktari alisema tusingoje."

"Kesho, shemeji! Leo imejaa, watu wamekuja na watoto wao. Imebaki miji miwili tu." Akafunga skafu shingoni, akaifunga vizuri, kwa fundo la mtu anayependa nguo. "Ukimwambia Kiongozi, mimi na wewe hatujuani."

Mlango wa chumba cha kiongozi ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Mrefu alitoka, akazitembea zote kumi. Akasikia redio ndani, akasikia kiongozi akikohoa. Aliinua mkono wa kubisha. Akafikiria jozi ya soksi. Akafikiria pia, na hili lilikuwa kweli vilevile, uso wa Honi akibeba spika. Kisha akaushusha mkono, akarudi, akamsaidia shemeji yake kuvaa koti.

Jukwaani jasho lilimtoka Honi kabla ya wimbo wa kwanza. Alipiga kwa kujikaza kisabuni, akiacha noti moja kati ya tatu. Ulipofika wimbo ule, ubeti wa pili ukaisha, akasogea mbele kwenye maikrofoni. Mrefu akawa tayari na saksafoni mdomoni, akingoja ishara. Ishara haikuja. Honi aliinua tarumbeta katikati ya mdomo, mahali pake pa zamani, juu ya jino lenyewe, akapuliza.

Haikuwa sauti nzuri. Ilitoka imepasuka, nusu pumzi nusu shaba, ikapanda, ikakosa, ikajaribu tena, ikakosa tena chini ya pale ilipokosa mwanzo. Katika mizunguko minane hakupata hata noti moja ya juu. Mpiga besi alimtazama Mrefu. Mwimbaji aligeuka. Usaha na damu vilikuwa vikimshuka kidevuni vikiingia kwenye skafu.

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, wakapiga miluzi, baba mmoja akamnyanyua bintiye mabegani aone vizuri. Walishangilia kama walivyoshangilia mji wa kwanza, kama walivyoshangilia miaka yote kumi na tisa.

Nyuma ya pazia Honi alikaa juu ya sanduku la nyaya, akijipangusa kwa taulo. Mabega yalikuwa yakitikisika na Mrefu hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio.

"Hawajui," Honi akasema. Ilibidi Mrefu ainame ayapate maneno. "Shemeji, hawajui tofauti."

Kiongozi alipomwona hakuuliza lolote. Alisema tu, "Hospitali." Honi akaomba iwe mji unaofuata, kwenye hospitali kubwa; akasema mara mbili kwamba anaweza. Wakakubaliana waondoke alfajiri. Na huo pia ulikuwa uamuzi wa watu wazima waliokuwa na macho.

Kwenye basi la bendi hakuweza kulala wala kuegemea. Alikaa wima, mikono magotini, mdomo wazi, ulimi umeinuliwa na uvimbe mpaka ukaonekana haumtoshi mdomoni, na mate yakimtoka kwenye taulo kwa kuwa hakuweza tena kuyameza. Kila pumzi ilikuwa na mluzi. Mpiga dramu alihamia kiti cha nyuma, akaziba masikio. Jua lilipochomoza ule mluzi ukapanda, ukawa mwembamba, na kiongozi akamwambia dereva aingie mji wowote wenye hospitali.

Ulikuwa mji mdogo ambao hawakuwahi kupiga muziki. Wauguzi walimkimbiza Honi ndani kwenye kiti cha magurudumu, na daktari akaja anakimbia huku akivaa glavu, akaagiza kisu cha kumfungulia njia ya hewa shingoni. Mlango ukafungwa. Mrefu alisimama kwenye korido iliyopakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni, kichwa kikikaribia kugusa taa. Saa nne kasoro daktari alitoka akitembea polepole, na huko kutembea polepole ndiko kulikosema.

Simu ililia mara moja tu, mkewe akapokea.

"Mmefika?"

"Mama watoto," Mrefu akasema.

Mrefu alisikia nyumbani kwake, mbali kule, bomba likifungwa.

"Kaka yangu yuko wapi?"

"Ni jino. Lilikuwa jino. Lilishuka shingoni, hawakuwahi."

"Jino?" Alilitamka kama neno la lugha ngeni. "Tangu lini?"

"Tangu mji wa tatu."

"Nilikupigia simu."

"Najua."

"Nilikuuliza. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, uliniambia mafua."

"Alinikataza, mke wangu, alinipungia mikono..."

"Sikumwuliza yeye. Nilikuuliza wewe."

Hakulia. Alisema atakwenda kumwambia mama yao kabla hajaambiwa na watu wengine, na kwamba Mrefu asitangulie kufika. Kisha akakata.

Bendi ilifuta mji wa kumi na wa kumi na moja. Mrefu alirudi na mwili kwenye gari la hospitali, amekaa mbele na dereva, na njia nzima dereva, mtu mwema, alijaribu kumchangamsha kwa kumuuliza bendi yao hupiga nyimbo gani. Mazishini mkewe alikaa upande wa wanawake na hakuinua uso kwake. Sasa anaishi kwa mama yake; watoto huenda na kurudi kati ya nyumba mbili. Kiongozi hakumwita yule jamaa wa barua tatu, na hakueleza kwa nini. Mrefu bado anapiga.

Honi amezikwa kwenye makaburi ya manispaa ya mji aliozaliwa, upande wa ukuta, safu ya nyuma, kando ya baba yake.