Nusu Saa ya Wakazi

Oddveig Skarbø alikuwa mtu wa kupanga. Kuni za nyumbani kwake zilipangwa kwa urefu, soksi kwa rangi, na pale ofisi ya baraza la Hellevåg, mji wetu mdogo wa pwani, alikokuwa katibu tangu meya wa sasa akiwa bado anabebwa mgongoni, hakuna karatasi iliyowahi kupotea. Tumpe haki yake kabla hatujamlaumu, maana lawama zipo na zinakuja. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mtu anayependa kazi iishe.

Baraza lilikutana kila mwezi, na kila mwezi mambo yalikuwa yale yale: kufungua kikao, kuita majina, kupitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, hoja za mwezi, kisha nusu saa ya wakazi, kisha kufunga. Hiyo nusu saa ya wakazi ndiyo iliyowachosha wakubwa. Ulikuwa muda wa mtu yeyote wa Hellevåg kusimama na kuliuliza baraza swali, nalo baraza lililazimika kujibu na katibu kuandika. Jambo zuri sana kwenye karatasi. Lakini watu wetu si wa kusimama mbele za watu, jamani, kwa hiyo aliyesimama alikuwa mmoja tu, miaka nenda miaka rudi, naye ni Ingebrigt Tveitane.

Ingebrigt alikuwa fundi mashua mstaafu, aliyefanya kazi bega kwa bega na Leif, marehemu baba yake Oddveig. Mkewe Borghild alikuwa ng'ambo ya maji, kwenye makao ya wazee, kwa sababu ya kwetu yalifungwa. Akili yake ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Mchana alikuwa na nafuu, hata kucheka alicheka, lakini jua likishuka hofu ilimshika, akawa anazunguka korido akiuliza, "Ingebrigt yuko wapi?" Na Ingebrigt saa hiyo hayupo. Kivuko cha jioni kilikuwa kimefutwa, na kile cha mwisho kilimrudisha nyumbani kabla chakula cha usiku hakijapelekwa mezani. Leseni ya gari alishanyang'anywa kwa sababu ya macho.

Basi kila mwezi alisimama, kofia mkononi, akauliza swali lile lile.

"Naomba kuuliza. Kivuko cha jioni kitarudi lini?"

"Tunalifuatilia, Ingebrigt," alijibu meya Tormod.

"Asante." Akaketi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yote.

Nje, kwenye kahawa, wajumbe walikuwa na utani wao.

"Leo unadhani Ingebrigt atauliza nini?"

"Ah, leo atauliza bei ya samaki!"

"Wapi! Akiuliza bei ya samaki mimi nahama chama!"

Wakacheka, na Oddveig, aliyekuwa akimimina kahawa, akacheka nao. Hakuona ubaya. Kucheka kidogo kuna ubaya gani?

Ndipo ikaja programu ya vikao. Mikoani kote walikuwa wameshaipata, sisi tukaipata mwisho kama kawaida yetu. Kazi yake ilikuwa kumwokoa katibu asiandike ajenda upya kila mwezi: unatengeneza kiolezo mara moja, unakihifadhi, halafu kila kikao kinajizaa chenyewe, tarehe zimo, majina yamo, taarifa inakwenda mtandaoni bila wewe kuinua kidole. Oddveig alikipenda kiolezo chake jinsi wengine wanavyopenda mjukuu. Alikaa nacho alasiri nzima, akapanga, akapangua, akapanga tena.

Kwa kila jambo la kwenye ajenda programu ilimuuliza: hili ni la kila mara, au ni la kuwekwa likihitajika? Kufungua, kila mara. Kuita majina, kila mara. Alipofika kwenye nusu saa ya wakazi mkono ukasita. Akafikiri: nani anayeitumia zaidi ya Ingebrigt? Na Ingebrigt mwenyewe akiwa na swali si atapita hapa mezani kwangu? Akichagua "likihitajika", ajenda ingeenea ukurasa mmoja, safi. Akachagua hivyo. Hakumuuliza mtu. Ukurasa ukatokea mmoja, naye akaenda nyumbani ameridhika.

Wiki ile ile Ingebrigt akapita mezani, kama kawaida yake.

"Binti wa Leif, niandikie jina langu kwa ajili ya kikao."

"Siku hizi hatuandiki hivyo, Ingebrigt. Mambo yote mtandaoni. Unafungua ukurasa wa kikao, unashuka mpaka chini, unaandika swali lako, basi."

"Mimi na kompyuta hatujawahi kutambulishwa."

"Nenda maktaba, watakutambulisha. Utazoea tu, kitu rahisi kile!"

"Haya. Sitaki kukusumbua."

Akavaa kofia akaenda. Kitu ambacho Oddveig hakukijua, na alipaswa kukijua, ni kwamba kile kisanduku cha kuandikia swali kilining'inia kwenye jambo lenyewe. Nusu saa ya wakazi isipokuwemo kwenye ajenda, na kisanduku hakimo. Alikuwa amemwonyesha mzee wa watu mlango, na mlango haupo.

Mtu wa mahali pengine angerudi kupiga kelele. Angegonga meza, angemwita meya majina. Lakini sisi watu wa Hellevåg tumelelewa vibaya kwa namna yetu: mlango ukifungwa hatugongi mara ya pili. Tunasema wenyewe wana sababu zao, tunarudi zetu nyumbani, na hilo tunaliita ustaarabu. Ingebrigt hakurudi mezani kwa Oddveig. Kikaoni alikuja. Kila mwezi alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na hita, akasikiliza mpaka mwisho, meya akasoma ajenda kama ilivyoandikwa, akafunga kikao, naye mzee akasimama akavaa kofia. Oddveig alimwona. Akawaza, afadhali, mzee ametulia sasa, labda amezoea. Loo! Mtu hujipa majibu anayoyataka.

Ukapita mwaka, ikafika barua kutoka mkoani. Mkoa ndio wenye vivuko, nao ulikuwa unapanga ratiba mpya, ukataka kila baraza liseme: je, kuna haja ya safari ya jioni? Na wakazi wamesema nini? Walisisitiza hilo la wakazi. Jambo likaletwa kikaoni mwezi wa pili, barafu imejaa ngazini, wajumbe wanataka kuwahi nyumbani.

"Haya, wakazi wamesema nini?" akauliza meya Tormod. "Oddveig, hebu tazama kwenye programu. Maswali ya wakazi kuhusu kivuko, mwaka huu mmoja."

Oddveig akaandika "kivuko" na kubofya. Programu haikuchelewa.

"Hakuna," akasema.

"Hata moja?"

"Hakuna lililoandikwa."

"Basi watu wameshazoea," akasema meya. "Tusiombe kitu ambacho hakuna mtu aliyekiulizia. Hela za mkoa zina kazi nyingine. Tuandike kwamba baraza halioni haja. Mnakubali?"

Mikono ikaanza kuinuka.

Oddveig aliinua macho, yakakutana na ya Ingebrigt kule nyuma karibu na hita. Mzee alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. Kanuni ilikuwa wazi: anayeketi nyuma haongei, isipokuwa kwenye nusu saa ya wakazi. Na kanuni nyingine, ya zamani zaidi: katibu anaandika, haongei. Katika ukumbi ule mzima ni watu wawili tu waliokuwa wakilikumbuka swali lile saa hiyo, na wote wawili walikuwa hawaruhusiwi kufungua kinywa.

Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye, kwamba hakuruhusiwa. Uongo mtupu. Angesema, "Bwana meya, samahani," nani angemfunga? Tormod angeshangaa, angekunja uso, mambo yangekwisha. Lakini aliinamia kompyuta, na mikono ikawa imeshahesabiwa. Akaandika: limepita kwa kauli moja.

Kikao kilipokwisha alikimbilia nyuma, kiti kilikuwa kitupu. Akarudi kwenye kompyuta, akakifungua kiolezo chake kizuri, na hapo ndipo alipokiona kisanduku kisichokuwepo. Alikaa akikitazama mpaka mfagiaji akamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," akasema. "Nimefanya upumbavu."

Aliirudisha nusu saa ya wakazi asubuhi iliyofuata, akaiwekea alama ya kila mara, lakini vikao vilivyofuata kile kiti karibu na hita kilikuwa kitupu. Alimwandikia mkoa, kwa jina lake mwenyewe, kwamba kulikuwa na kosa la katibu, kwamba swali lilikuwepo. Mkoa ukajibu kwa adabu sana kwamba msimamo wa baraza umeshapokelewa na ratiba imeshapitishwa, na mara ijayo ya kuijadili ni baada ya miaka minne. Akamwendea Tormod. Tormod akasema, "Usijitese, Oddveig. Mzee mmoja, swali moja." Mara hiyo Oddveig hakucheka.

Kwenda kwa Ingebrigt ndiko kulikomshinda. Kila siku alisema kesho. Alipanga maneno kichwani, akayapangua. Akasema nitakwenda theluji ikiyeyuka. Theluji ikayeyuka. Na kabla hajapata hayo maneno yake mazuri, Borghild akafa, ng'ambo ya maji, jioni, wakati wa chakula. Wauguzi walisema hakuteseka. Walisema pia, maana waliulizwa, kwamba alikuwa anamuulizia mumewe.

Baada ya mazishi Oddveig alikwenda. Alibeba keki ya mlozi, kwa sababu kwetu huendi na aibu mikono mitupu. Ingebrigt akampokea, akateleka kahawa, akatoa vikombe vya wageni. Kwenye kingo za dirisha kulikuwa na svele mbili ndani ya karatasi, zile chapati nono tamu zinazouzwa kwenye kivuko. Zilikuwa zimekauka.

"Nilikuwa namnunulia," akasema mzee alipoona anazitazama. "Hizo sijui nimezinunua za nini. Mazoea."

"Ingebrigt, ile nusu saa ya wakazi," akaanza Oddveig, na yale maneno aliyoyapanga yote yakamtoroka. "Ni mimi niliyeitoa. Si meya, si programu. Mimi. Nikakutuma mtandaoni kutafuta kitu ambacho nilikuwa nimeshakiondoa."

"Ulibonyeza vibaya."

"Sikubonyeza vibaya. Nilibonyeza nilichotaka. Nilitaka ajenda iwe ukurasa mmoja."

Mzee akakoroga kahawa yake, ingawa hakuwa ametia sukari.

"Yule dada wa maktaba alitafuta sana," akasema. "Juu, chini. Akaniambia hapa hakuna mahali pa kuuliza. Mimi nikajua mmenichoka. Nikasema, haya, hata mimi ningejichoka."

"Hatukukuchoka," akasema Oddveig, kisha akaikumbuka kahawa ya wajumbe na kile kicheko. Machozi yakamtoka. "Nitukane basi, Ingebrigt! Nitukane, nitapumua."

"Nikikutukana atarudi?"

Oddveig akajifuta uso kwa kiganja.

"Unajua kinachoniuma?" akasema mzee. "Kila nikienda aliniuliza, 'Umewaambia?' Alisahau jina la dada yake, alisahau nyumba hii, hilo hakulisahau. Nami namwambia, 'Nimewaambia, Borghild, wanalifuatilia.' Mwaka mzima. Miaka hamsini sikumdanganya yule mwanamke, nikaja kumdanganya mwishoni. Hilo ndilo linaloniuma, binti wa Leif. Mengine maji yamemwagika, hayazoleki."

Akamkatia kipande cha keki, kikubwa kuliko chake, na akamsimamia mpaka akamaliza.

Kikao cha kwanza baada ya likizo ya kiangazi, ajenda ilikuwa kurasa mbili. Oddveig alikuwa ameshaamua: Ingebrigt akisimama, ataandika kila neno, kila pumzi, na akijibiwa "tunalifuatilia" atainua mkono yeye mwenyewe, katibu, aulize: lini? Kanuni potelea mbali. Safari hii mzee alikuwepo, kiti chake kile kile, kofia mapajani.

"Nusu saa ya wakazi," akasoma Tormod. Akakohoa. Hakutazama nyuma, kisha akatazama. "Kuna mwenye swali?"

Wajumbe wote wakageuka. Hakuna aliyekuwa anatabasamu. Ingebrigt akasimama, maana ukitazamwa na baraza unasimama.

"Hapana," akasema. "Sina swali. Nimekuja tu. Jioni ni ndefu."

Akaketi. Oddveig aliweka vidole kwenye kompyuta, lakini hakukuwa na cha kuandika. Kiolezo kilikuwa kimeshajiandikia chenyewe, vile alivyokipanga, chini ya nusu saa ya wakazi: hakuna swali lililoulizwa. Aliitazama ile sentensi, akaiacha, maana sasa ilikuwa kweli.