Siku Tuliyompeleka Somoe Masasi

Msimu wa korosho ukifika, harufu ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, hunikuta popote nilipo. Ni harufu tamu yenye ukakasi nyuma yake. Juzi mama mmoja alipita na beseni la mabibo mbele ya chumba nilichopanga hapa Masasi, nikajikuta nimesimama mlangoni kabla sijajua sababu. Ndivyo ulivyo mwili wangu, hukumbuka mambo kabla yangu.

Naomba univumilie, maana mimi ni mtu wa kurudiarudia. Meseji fupi naweza kuiandika na kuifuta asubuhi nzima. Mlango nikishaufunga, narudi kuusukuma nione kama kweli umefungwa. Nilikuwa hivi tangu utotoni, kule kijijini kwetu Newala, nilipokuwa darasa la nne na dada yangu Somoe hana darasa.

Somoe ni mkubwa wangu. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, na alipoanza kusema alisema maneno machache, akayapenda kweli kweli. Watoto wa jirani walikuwa na mchezo wao. Walimuuliza, “Somoe, leo ni lini?” Yeye hujibu, “Leo.” Nao huanguka chini kwa kicheko. Mimi nilicheka kidogo, kisha usiku nikawa nawaza, kwani amekosea nini?

Shule ya kijijini ilikuwa imempokea darasa la kwanza. Alikaa dawati la nyuma hadi wenzake wakapanda madarasa wakamwacha, na siku moja mwalimu akamweleza mama kwa upole kwamba watoto ni wengi na yeye yuko peke yake. Mama hakugomba. Alimshika mwanawe mkono wakarudi nyumbani, na tangu hapo neno shule halikutajwa mbele ya Somoe.

Msimu mmoja mama mdogo alipanda kutoka Lisekese, mtaa wa Masasi, kuja kutusaidia kuokota korosho. Ndiye aliyetuambia kwamba Masasi mjini kuna shule yenye kitengo cha watoto kama Somoe. Alisema huwaona asubuhi wakipita na sare zao. Akasema wakimpokea, atakaa kwake. Mama alilipeleka jambo hilo kwa kaka yake, kwa sababu kwetu neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake lina uzito kuliko la baba. Mjomba akasema, “Mpelekeni. Ila wakimkataa na huko, basi. Tusimzungushe mtoto kama mzigo usio na mwenyewe. Atakaa hapa, atatwanga, atakula.”

Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana niliogopa. Neno la hasira hubadilika. La mapenzi hukaa.

Kuhusu shule nilijua jambo moja tu: anayejibu ndiye anayechukuliwa. Basi nikamfanya dada yangu mwanafunzi wangu. Kila tulipoanza nilimwamkia, “Shikamoo, dada,” maana ni mkubwa wangu, naye hujibu, “Marahaba,” ndipo nianze maswali. Mwanzoni hakuna kilichoshika. Kisha nikamsikia akitwanga mihogo na mama. Mama akitoa wimbo, Somoe anaitikia, wala hakosei hata mahali pamoja. Nikayaingiza maswali yangu kwenye kinu. Yeye anatwanga, mimi nauliza, mchi ukishuka jibu linatoka. Jina lako nani? Unakaa wapi? Mama yako nani? Vidole hivi vingapi? Rangi nilimfundisha kwa mabibo, moja jekundu na moja la njano. Lile jekundu alishikilia kuliita bibo. Tulivutana karibu msimu wote, hadi akasema nyekundu kwa uso wa mtu anayekufanyia hisani.

Nilihangaika hata na gauni lake. Moja tu ndilo lililokuwa zuri, nalo likaingia maji ya bibo kifuani. Bibi aliniambia doa la bibo halitoki mpaka msimu wake uishe, nisijisumbue. Nilijisumbua. Nikasugua kwa ndimu na majivu hadi kitambaa kikawa chepesi, na doa lipo palepale.

Tulishuka Masasi likizo ya Desemba. Nilichukuliwa kwa sababu Somoe hakubali kupanda gari bila kunishika mkono. Mwalimu wa kitengo alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini, na kabla hatujakaa sawasawa Somoe alimtazama akasema, “Marahaba.”

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe kwa Somoe masomo huanza kwa yeye kuamkiwa. Mwalimu akacheka. “Haya, shikamoo, dada,” akasema, kisha akaanza kuuliza.

Bahati, au niiite balaa, maswali yake yalifuata njia ileile ya kinu. Somoe aligonga mguu sakafuni taratibu na kujibu. Jina. Kijiji. Mama. Vidole. Mwalimu alipoonyesha kizibo cha soda chekundu, Somoe alinigeukia akatabasamu, akasema nyekundu. Tumefaulu, nikajisemea.

Mwalimu akaweka kalamu mezani. “Mama Somoe, huyu mwanao anajibu vizuri. Nafasi zetu hapa ni chache, na wapo wasiojua hata jina lao. Mbona asirudi shule ya kawaida hukohuko kwenu?”

Mama alikuwa anatabasamu bado. Angesemaje? Mzazi gani hukaa mbele ya mgeni na kumtoa mwanawe kasoro, tena ndiyo kwanza amesifiwa? Nikamwona mjomba barazani akisema basi. Nikaona dawati la nyuma. Nikasimama, na sauti iliyotoka sikuijua kama ni yangu.

“Mwalimu, muulize tena. Lakini uanze nyuma.”

Alinitazama. Kisha akakiinua kizibo kilekile. “Hii rangi gani?”

“Somoe,” akajibu dada yangu kwa furaha.

“Vidole hivi vingapi?”

Akataja kijiji chetu.

Hakuna aliyecheka. Mama aliuvuta ukingo wa khanga yake akafunika mdomo, nami nikaanza kulia, kwa kuwa nilikuwa nimemvua dada yangu mbele za watu vazi nililomshonea mwenyewe.

Mwalimu hakuuliza swali jingine la namna ile. Alimpa Somoe shati lenye vifungo vikubwa alichezee, akavuta kiti karibu na mama. “Nieleze,” akasema, “nyumbani nini kinamshinda?”

Mama alianza polepole, kisha akawa kama mtungi uliopasuka. Kwamba Somoe akishuka bondeni kuchota maji hupotea njia anayoipita kila siku. Kwamba havai mwenyewe. Kwamba wanaume wakimwita huenda tu, na mama halali kwa hilo. Sikuwa nimewahi kuyasikia yakisemwa. Alipomaliza, mwalimu alikuwa anamwangalia Somoe, aliyefunga kifungo cha juu kwenye tundu la chini na kujipongeza.

“Basi tutaanzia hapo kwenye vifungo,” akasema mwalimu. “Januari mleteni.”

Tulipofika nyumbani mjomba alikuwa anatungoja. Hakuuliza habari za safari. “Amefaulu?”

“Amefeli, kaka,” mama akasema. “Wamemchukua.”

Mjomba alitutazama mmoja mmoja kama watu waliopigwa na jua. Mimi nami sikuelewa, na nilibaki na hofu hadi Januari kwamba watagundua kosa lao.

Leo Somoe anafunga vifungo vyake, anakwenda dukani Lisekese na kurudi bila kusindikizwa, na wanaume anaowajua na asiowajua huwaambia “sitaki” kwa sauti ya kuamsha mtaa. Nyekundu kairudisha kuwa bibo.

Mwaka huu, mapigo ya moyo yaliponizidi na usingizi ukanikimbia, nilikwenda kumwona muuguzi anayewasikiliza watu wenye hali kama yangu. Usiku wa kabla nilipanga majibu yangu yote, nikayasema kimoyomoyo hadi yakalainika. Alipouliza nikajibu vizuri: nakula, nafanya kazi, ni uchovu tu. Nilijisikia nikigonga mguu sakafuni taratibu. Akatabasamu, akaanza kunisifu kwamba najitahidi, na kalamu yake ikawa inaelekea mezani.

Ndipo nilipoelewa kile chumba cha mwalimu, na kwa nini siku ile tukirudi mama alilia njia nzima akiwa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

“Samahani, dada,” nikamwambia. “Niulize tena. Lakini uanze nyuma.”