Samaki wa Maji ya Chumvi Darasani Kwetu Mbeya

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mbeya miaka ya hamsini, bahari tuliijua kwa kusikia tu. Samaki wetu walikuwa wa mtoni, au wale wa sokoni waliokaushwa kwa chumvi, wagumu kama soli ya kiatu, ingawa viatu vyenyewe hatukuwa navyo. Kwa hiyo Mwalimu Petro, mtu wa pwani aliyetufundisha darasa la nne, alipotuambia kwamba kwao samaki huishi ndani ya maji ya chumvi, rafiki yangu Atupele alinyoosha mkono.

"Mwalimu, chumvi si ndiyo inayowakausha?"

Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakucheka. "Nikienda likizo nitawaletea muwaone," akasema.

Baba yangu alikuwa seremala, akaombwa atengeneze sanduku. Alichukua vioo vya dirisha, akavipachika kwenye fremu ya mninga na kuziba pembe kwa lami. Misumari aliikataa katakata. "Chumvi inakula chuma," alisema, akatumia vijiti vya mti. Tulilijaza maji ya kisima siku tatu kuona kama linavuja. Halikuvuja. Tukaosha mchanga wa mtoni na mawe machache ya kuweka ndani mpaka vidole vikakunjamana.

Mwalimu alirudi amechoka, macho mekundu. Alikuwa amesafiri kwa treni hadi Dodoma, kisha kwa basi kupitia Iringa, na chupa kubwa mbili za mdomo mpana zenye maji ya bahari. Njia nzima alikuwa akichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena ili samaki wapate hewa. Walianza safari watano, wakafika wawili, wadogo kama kidole, pamoja na kaa watatu waliojificha kwenye makombe ya konokono. Tulichovya vidole, tukaonja, tukatema. Hata bibi yangu alikuja kutoka shambani, akaonja, akatikisa kichwa. "Kumbe ni kweli."

Zamu za kulitunza tuligawana. Kila jioni tulilifunika kwa blanketi, maana baridi ya kwetu haina mchezo. Zamu yangu ilipofika niliona maji yamepungua. Nikawaza kwa akili yangu ya mtoto: maji yakipungua, chumvi nayo imepungua. Nikaenda nyumbani, nikachota konzi mbili za chumvi jikoni, nikarudi nikazimwaga sandukuni.

Kabla ya kengele ya mchana samaki mmoja alilala ubavu. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyeniona. Lakini yule wa pili naye alianza kuhema. Nilikimbia mpaka nyumbani kwa Mwalimu, alikokwenda wakati wa mapumziko.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nimewaua samaki," nikasema, nikaanza kulia.

Nilingoja fimbo, maana siku zile fimbo haikuwa mbali. Yeye alinyakua ndoo ya maji ya mvua iliyokuwa chini ya paa, tukakimbia wote. Tulichota maji ya sandukuni, tukaongeza ya mvua kidogo kidogo, huku akinieleza kwa upole: "Jua hunywa maji tu. Chumvi hubaki. Ya baharini yakipungua, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi."

Samaki wa kwanza alikufa. Wa pili alikaa chini ya jiwe mchana kutwa, nami nilikaa naye. Jua lilipoanza kushuka alitoka, akalizunguka sanduku lote. Nilipiga kelele mpaka Atupele akaja mbio, tukakumbatiana kama wendawazimu. Kesho yake Mwalimu alinipa tena zamu, mbele ya darasa zima, na samaki yule aliishi mpaka tulipofunga shule.

Leo wajukuu zangu wanaiona bahari kwenye simu. Papa anapita, nyangumi anapita, kidole kinasukuma. "Bibi, hiyo tumeshaiona!" Sisi tulingoja nusu saa kaa mmoja atoe mguu, na hakuna aliyechoka. Wakati mwingine huwahurumia hawa watoto waliokwisha kuona kila kitu.

Halafu juzi nilimkuta Bupe, mdogo wao, amechuchumaa kando ya mfereji nyuma ya nyumba akitazama viluwiluwi. Simu ameiacha ndani, uji wake umepoa mezani. Mama yake akasema nimwite aje ale.

Sikumwita.