Hatua Mbili za Askari

Siku yangu ya kwanza kazini Hedmasta hakunipa chaki wala rejista. Alinipa sanduku la mbao lenye vumbi, akalisukuma mezani kama mtu anayeondoa kitu kisicho chake.

"Wewe ndiwe umesoma sekondari," akasema. "Hii ni chesi. Mzungu mmoja aliyehama ametuachia. Mkaguzi anataka kila shule iwe na kilabu ya kitu fulani. Sisi tutakuwa na hii."

"Mimi sijui chesi, bwana."

"Hata watoto hawajui. Mtaanza pamoja."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini hapa Nakuru, nikiwa na miaka ishirini na moja, katika shule ya watoto wa wafanyakazi wa reli. Nimetoka nikiwa na ishirini na tano. Najua wanaoandika mambo ya namna hii huwa ni wazee wenye mvi na saa ya zawadi mfukoni. Mimi nina mtoto wa miezi mitano mapajani anayeivuta kalamu. Sikuugua, sikuchoka, sikuiba kitu. Kanuni ya kamati ya shule ilisema hivi: mwalimu wa kike akionekana ana mimba, aende nyumbani, na akienda harudi. Hata kama ameolewa kanisani, kama mimi. Nina hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Lakini nyinyi mnaokuja nyuma yangu lazima mjue kazi ilifanywaje, kwa sababu ndani ya kazi hiyo niliona jambo ambalo kila likinijia mwili unasisimka.

Pale shuleni hakukuwa na mtu wa kuniuliza swali. Nikakumbuka kwamba kwenye maduka karibu na stesheni kulikuwa na mzee wa Kihindi, fundi wa nguo, aliyecheza mchezo kama huo barazani na jirani yake mwenye duka la nafaka. Tulimwita Fundi tu. Jumamosi ile nikaenda na sanduku langu kwapani, nikasimama, nikasahau nilichokuja kusema. Fundi alikuwa anacheza huku ameupa ubao mgongo. Miguu iko kwenye cherehani, macho yako kwenye mshono wa suruali, na jirani anamtajia kwa sauti amesogeza nini. Fundi anajibu bila kugeuka. Akamfunga, kisha akakata uzi kwa meno.

"Fundi, unaonaje na huangalii?"

"Mama, wewe najua jiko yako, hapana? Sufuria iko wapi, chumvi iko wapi. Sasa nataka taa ya nini?"

Yeye ndiye aliyenifundisha, Jumamosi baada ya Jumamosi. Wale walio pembeni kabisa ni tembo, huenda moja kwa moja. Farasi huruka. Ngamia huenda mshazari. Katikati yuko mfalme, na kando yake waziri, anayekwenda kila upande na umbali wowote. Mbele yao wamesimama askari wanane wa miguu, ambao huenda mbele tu, hatua moja, na hawarudi. Ukimtishia mfalme unasema shaha. Mfalme akikosa pa kukimbilia, mchezo umekwisha. Na mfalme ambaye bado hajatishwa ana ruhusa ya kuruka kama farasi mara moja katika maisha yake. Yote hayo niliyaandika daftarini kwa wino, nikayafundisha kama Amri Kumi.

Sanduku lilikuwa moja na watoto walikuwa wengi. Tulichora ubao kwa chaki sakafuni, tukatumia vizibo vya soda. Kizibo chenye mkwaruzo mmoja ni askari, chenye miwili ni tembo, na kadhalika. Nilishika sheria moja bila huruma: ukigusa umecheza. Kidole kikishagusa kizibo, hicho ndicho utakachosogeza, hata kikikuua. Kwa hiyo niliwafundisha kukalia mikono yao. Mkono unatoka chini ya paja ukiwa umeshaamua. Mwenye neno haropoki, ananyoosha mkono. Na kabla hajacheza ajiulize mwenzake anataka nini, si yeye anataka nini. Wavulana wengi walishindwa hapo. Walitaka kula tu.

Tabitha alikuja mwaka wa tatu, akiwa na miaka kumi. Baba yake alikuwa mtu wa kubadilisha njia za reli pale stesheni, yule anayevuta mtaimbo ili gari lipite huku na si kule. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye sweta iliyofumuliwa na kufumwa upya mara nyingi hata haina rangi. Siku ya pili alisimama nyuma yangu nikicheza na mvulana wa darasa la sita.

"Mwalimu, hapa unafungwa."

"Wapi?"

"Si sasa. Mara ya saba."

Nilicheka. Nikacheza vizuri kadiri nilivyoweza, nikihesabu kimoyomoyo. Nilifungwa mara ya saba. Yule mvulana aliyenifunga alishangaa kuliko mimi, kwa sababu hakuwa ameiona.

"Umejuaje?" nikamuuliza Tabitha.

"Kama baba akivuta mtaimbo. Gari liko mbali lakini njia imeshajulikana."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Mwalimu akikutana na mtoto wa namna hiyo anaogopa kidogo, kama mtu aliyepewa mayai ayabebe barabarani.

Mwaka wa nne, Hali ya Hatari ilipoanza kulegea, Mkaguzi alitangaza mashindano ya kwanza ya shule zote, za Wazungu, za Wahindi na zetu. Yangefanyika katika ukumbi wa shule ya Wahindi, watoto sita kila kilabu. Sharti lilikuwa moja: kilabu isiyokuja na mwalimu wake haichezi.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi saba. Mimi ni mrefu, na koti la mvua la mume wangu lilikuwa pana. Zilibaki wiki tatu shule zifungwe kwa likizo ya Desemba. Hesabu yangu ilikuwa nijifungue likizoni, nimwachie mama mkwe mtoto, na shule ikifunguliwa niwe mbele ya darasa langu na kilabu yangu. Hedmasta alijua. Hakuwahi kusema kwamba anajua, hadi siku ile aliponiita ofisini.

"Mwalimu, Mkaguzi atakuwa pale siku nzima. Yeye ndiye mwamuzi. Naye ana macho."

"Nani mwingine atawapeleka?"

"Hakuna."

"Basi."

"Akikuona siwezi kukutetea. Sitaki kukudanganya."

"Sijakuomba, bwana."

Akazungusha kalamu yake. "Kaa nyuma. Weka lile sanduku mapajani. Usisimame kwa jambo lolote."

Nikafanya hivyo hivyo. Ukumbini nilikaa safu ya mwisho, sanduku mapajani, koti juu ya sanduku. Watoto wangu sita walikaa kwenye meza zao, wamekalia mikono, miguu mingine haifiki chini. Walikuwa hawajawahi kushika ubao na vipande kamili kila mtu na vyake. Tabitha alipangwa na mvulana wa shule ya bweni ya Wazungu, upande wa Njoro, soksi hadi magotini. Mkaguzi akapiga kengele.

Haikupita dakika moja nikaona mkono wa Tabitha juu. Halafu wa pili. Halafu yote sita.

"Bwana," Tabitha akasema, na sauti yake ndogo ukumbi mzima uliisikia, "huyu ameiba. Askari wake amekwenda mbili."

Yule mvulana akawa mwekundu hadi masikioni. Mkaguzi akaja, akaangalia meza yao, akaangalia nyingine.

"Hakuna aliyeiba. Askari ambaye hajasogea anaweza kwenda hatua moja au mbili, apendavyo. Ndiyo sheria. Nani amewafundisha nyinyi?"

Vichwa sita viligeuka vikaniangalia.

Nyinyi mtasema ningeweza kukaa kimya. Nilifikiria hilo, sitadanganya. Wiki tatu tu. Lakini wale watoto hawakuwa wananiangalia kwa lawama. Walikuwa wananingoja. Nikaweka sanduku sakafuni, nikasimama, nikapita katikati ya ukumbi. Koti likafunguka, nami sikulishika.

"Ni mimi," nikasema. "Nimewafundisha mimi, na nimewafundisha vibaya. Nipe dakika tano nao."

Macho ya Mkaguzi yalishuka, yakakaa hapo, yakarudi juu. Akatoa saa yake.

"Unazo tano, mwalimu." Nikawatoa watoto hadi mlangoni.

Baadaye niliambiwa kwamba sheria za Fundi zilikuwa sahihi kabisa, ila za kwao, za babu zake. Yeye alinipa alichokuwa nacho. Lakini mlangoni pale sikujua hivyo. Nilijua tu kwamba nimewaingiza watoto vitani na ramani ya nchi nyingine. Niliwaeleza haraka yale Mkaguzi aliyoniandikia kwenye karatasi.

"Na mfalme?" Tabitha akauliza. "Ile ruhusa yake ya kuruka?"

"Hana. Anabadilishana nafasi na tembo tu, namna hii."

"Na waziri?"

"Hapa ni malkia. Ni mwanamke."

"Bado anakwenda kila upande?"

"Bado."

Watoto wakatazamana. "Basi ni sawa," Tabitha akasema, na wakarudi kwenye meza.

Watano walifungwa kabla ya saa sita. Sikuwalaumu. Mwili uliokwishazoea jambo hausahau kwa dakika tano. Ubao wa Tabitha ukabaki peke yake, na watu wakaanza kusogea karibu, walimu wa Kihindi, mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia, hata mpishi wa shule akiwa na mwiko mkononi.

Nawaeleza ilivyokuwa, hata asiyecheza ataelewa. Vipande karibu vyote vilikuwa vimekwisha. Wafalme wawili walisimama wanatazamana, nafasi moja katikati, na hakuna anayeweza kumkaribia mwenzake. Kando yao askari wawili walikuwa wamezuiana, kila mfalme akimlinda wake. Katika hali kama hiyo atakayelazimika kumsogeza mfalme ndiye anayefungua mlango, na amekwisha. Na katika mchezo huu huwezi kusema leo sichezi. Zamu yako ikifika lazima usogee. Zamu ilikuwa ya Tabitha.

Pembeni kabisa alikuwa amebaki na askari mmoja ambaye tangu asubuhi hakuwa amemgusa. Mbele ya askari huyo palikuwa na nafasi mbili tupu, kisha askari wa yule mvulana. Akienda hatua moja, mwenzake anajaza ile ya pili, njia inaziba, na zamu inarudi kwake. Amekufa. Mimi niliona hivyo, kwa kuwa miaka minne nilikuwa mtu wa hatua moja. Mtoto tumboni akapiga teke.

Tabitha alikalia mikono yake kwa muda mrefu sana. Halafu mkono mmoja ukatoka, ukamshika yule askari wa pembeni, ukamvusha nafasi ya kwanza, ukamweka kwenye ya pili.

Sheria ile ilikuwa na umri wa saa tatu kichwani mwake. Sasa njia imeziba, na zamu si yake. Yule mvulana aliangalia ubao hadi nikamwonea huruma. Akamsogeza mfalme kwa sababu hakuwa na kingine. Mlango ukafunguka, mfalme wa Tabitha akapita, akamla yule askari aliyekuwa akilindwa, na baada ya muda mvulana akampa mkono, kwa adabu, namsifu kwa hilo. Hakuna aliyepiga makofi. Mpishi alikuwa ameushika mwiko kifuani.

Mkaguzi akainama, akahesabu zile nafasi kwa kidole. "Umejifunza wapi hiyo?"

"Kwa mwalimu," Tabitha akasema. "Ametufundisha asubuhi, pale mlangoni."

Jumatatu Hedmasta alinisomea barua ya kamati akiwa amesimama. Ilinishukuru kwa huduma yangu njema. Ilisema nisirudi Jumanne. Mkaguzi, nikaambiwa, alikuwa ameandika ripoti mbili siku moja, moja ya kuisifu kilabu na moja kunihusu. Ninayo nakala ya barua hiyo kichwani, neno kwa neno, na huwa naisoma nikifua nepi.

Miezi mitatu baadaye Hedmasta alibisha hodi hapa kwenye nyumba za reli, kofia mkononi. Alikuwa na kitabu cha sheria za chesi, kimetumwa na Mkaguzi, na juu kimeandikwa: kwa mwalimu wa kilabu.

"Nimempa mwalimu mpya," akasema. "Amesema hataki. Kilabu imelala."

"Unataka nikuambie pole, bwana?"

"Nataka ukichukue."

Nikakichukua. Nikamwambia awalete Jumamosi, na kila mtoto aje na kitu cha kukalia, kwa sababu mimi si shule.

Sasa wanakuja kumi na mmoja. Ubao uko sakafuni jikoni, kwa chaki, na vizibo ni vile vile. Wiki iliyopita nilikuwa nacheza na Tabitha, mtoto mgongoni, uji jikoni unaanza kupanda, na kwa haraka nikapeleka mkono kwenye askari wangu wa pembeni. Tabitha akavunja sheria yangu mwenyewe, ile ya kunyoosha mkono kabla ya kusema. Akanizuia kabla kidole hakijagusa.

"Huyo usimtoe, mwalimu," akasema, bila kuinua macho. "Mwache nyumbani kwanza. Bado ana zile mbili zake."